Disiki 40 za inoksi, matundu elfu kumi kila moja: lazeri ao asidi?

Swali lilitoka kwa kijana mmoja wa Katuba, hapa Lubumbashi, nalifupisha: “Yaya, salamu. Niko na mashini ya lazeri ya kumarkia, ile ya fibra wati 20, nachorea majina kwa vikombe na plake. Labo moja ya madini imeniomba disiki 40 za inoksi 304 (chuma kisichoshika kutu), unene 0,2 mm, upana 100 mm, zijae matundu ya 0,4 mm, na kila disiki ikae mu ringi ya inoksi ya 2 mm. Nimejaribu kutoboa na lazeri yangu, disiki imejikunja na chini imejaa vipele. Rafiki anayetengenezaka sakiti ananiambia tumia perklorire. Je, niache lazeri, ninunue lazeri kubwa, ao naweza kuunganisha zote mbili?”

Mdogo wangu, usiache lazeri na usinunue ingine. Unganisha. Lakini lazeri yako uigeuzie kazi: usiipe tena kukata inoksi, ipe kutoa rangi juu ya inoksi, halafu asidi, ile perklorire ya rafiki yako (kloridi ya chuma ya majimaji), njo ikate. Nitakueleza yote pole pole juu kazi hii ukiikosea mwanzoni utapoteza tole (bati la inoksi) na utapoteza mteja, na labo ya madini mu mji huu ni mteja wa kushika kwa mikono miwili.

Tuanze na ile disiki imejikunja. Lazeri inakata kwa kuyeyusha. Yako inapiga mapigo mafupi ya mwanga, inazunguka palepale mara nyingi mpaka inatoboa, na chuma kilichoyeyuka kama hakuna gazi ya nguvu ya kukisukuma kitoke, kinaganda chini ya tundu, njo vile vipele. Na moto wake unaenda wapi? Inoksi inapitisha joto vibaya sana, shaba inaishinda zaidi ya mara 20, kwa hiyo joto la tundu moja linabaki karibu na tundu la pili, na la pili kwa la tatu, sehemu imetobolewa inataka kupanuka na ile haijatobolewa inaikataza, mwisho wake tole nyembamba inachagua kujipinda. Hapo hakuna setingi ya kuponya kabisa. Utapunguza, utaruka-ruka kutoka kona moja mpaka ingine ili joto lisirundikane, itasaidia kidogo, lakini 0,2 mm yenye matundu mengi vile itakusumbua tu.

Tena piga hesabu ya wakati. Tukiweka matundu kwa umbali wa 0,8 mm kutoka katikati hadi katikati, na sehemu ya matundu iwe na upana wa 90 mm, unapata karibu matundu 10.000 kwa disiki moja. Kama kila tundu linachukua sekunde moja kutoboka, na kwa wati 20 hiyo ni kukuhurumia, ni zaidi ya saa mbili na nusu kwa disiki. Zidisha kwa 40: zaidi ya saa 110, na kuran ya SNEL, kampuni ya umeme ya hapa, unajua mwenyewe vile inakatika.

Asidi haijali idadi. Tundu moja ao elfu kumi, yote yanaanza pamoja na yanamalizika pamoja, muda unategemea unene wa tole na si wingi wa matundu. Perklorire ya chuma inakula chuma, nikeli na kromu ya inoksi kwa joto dogo tu, digrii 45 mpaka 50, hakuna kuyeyuka, hakuna kupinda, hakuna vipele, na ugumu wa tole unabaki vile ulivyokuwa. Mashini ya kunyunyizia inamaliza unene wako kwa dakika chache, beseni ya mapovu ya nyumbani inaweza kufika nusu saa na zaidi.

Sasa mipaka yake, juu iko nayo. Wa kwanza, tundu lisiwe dogo kuliko unene wa tole, wengi wanaheshimu mara 1 mpaka 1,2 ya unene. Wewe uko na 0,4 juu ya 0,2, uko raha kabisa. Wa pili, usitegemee usahihi wa chini ya 10 mpaka 15 % ya unene, na hata kwa tole nyembamba sana usiahidi chini ya 0,02 mm. Wa tatu njo unaangusha watu: asidi haishuki chini tu, inaenda na pembeni, chini ya rangi. Kwa hiyo tundu linatoka kubwa kuliko lile ulichora. Tuseme unakula pande zote mbili, kila upande unashuka 0,1 mm mpaka zinakutana katikati, na kwa kila 0,1 ya kushuka asidi inaingia pembeni 0,05. Pembeni kuko kulia na kushoto, donki tundu limeongezeka 0,1. Ukitaka 0,4, chora 0,3. Hiyo 0,05 usiichukue kwangu kama sheria, inabadilika kwa joto, kwa nguvu ya asidi, kwa vile unaitikisa. Kata kipande kidogo cha tole hiyohiyo, weka mistari ya matundu ya 0,28 na 0,30 na 0,32 na 0,34, kula, pima na mikroskopi ya USB, na tole yenyewe ikwambie namba yake. Utaona pia katikati ya unene, pale pande mbili zimekutana, kuko kaukingo kadogo kamechongoka ndani ya tundu. Ukiacha dakika zaidi kidogo kanalainika, lakini tundu nalo linakua, kwa hiyo kipande cha majaribio ukiache muda uleule utaacha disiki.

Na kwa kazi ya kuchuja, kuko faida ambayo mteja wako hakuiomba na ataifurahia. Chora matundu ya upande wa chini makubwa kidogo kuliko ya juu, mfano 0,30 juu na 0,36 chini. Tundu litapanuka kuelekea chini, na chembe ya mawe ikipita mdomo haikwami tena ndani. Lazeri kutoboa hivyo kwa makusudi ni shida, kwa asidi ni kubadilisha fayilo moja.

Haya, lazeri yako inaingia wapi? Asidi inahitaji ngozi ya kukinga pale hutaki ile. Rafiki yako wa sakiti anatumia filimu kavu, anaweka karatasi ya plastiki iliyochapwa juu, anapiga mwanga wa UV, anasafisha na maji ya kabonati ya sodiamu ya 1 %. Ni njia nzuri, viwanda vingi vikubwa vinafanya vile. Shida yake kwako ni printeri. Printeri ya ofisi ya nukta 600 kwa inchi, nukta moja ni 0,04 mm, na tundu lako la 0,3 linachorwa na nukta saba tu, mdomo wake unatoka na meno. Lazeri yako inachora duara kama duara. Na kutoa rangi hakuhitaji sekunde: hata kama kila tundu linakula sehemu ya hamsini ya sekunde, matundu 10.000 yanaisha kwa dakika tatu na kitu. Mashini ileile, ilikuwa inaomba saa mbili na nusu na inaharibu tole, sasa dakika tatu kwa upande na tole haijasikia joto.

Rangi: ya kupuliza ya akriliki, nyeusi isiyong'aa. Osha tole na sabuni, suguza na sponji ya kijani, suuza, halafu simamisha tole iangalie maji: kama maji yamekaa kama shuka moja, safi, kama yanavunjika kuwa matone kuko mafuta, rudia, juu rangi juu ya mafuta asidi inaipeleka yote. Usiguse tena na vidole. Puliza matabaka mawili membamba, la kwanza ukienda kwa urefu wa tole, la pili kwa upana ili yakatane, pande zote mbili na kingo pia, na iache ikauke vizuri, hata kwa tanuri ya joto dogo. Usibandike stika ya vinili ili lazeri iikate, watu wanakupa ile shauri kila siku: vinili ni PVC, lazeri ikiiunguza inatoa gazi ya asidi ya kloridriki, inakula mapafu yako na lensi ya mashini.

Kutoa rangi, weka nguvu ndogo na mwendo wa haraka. Angalia rangi ya chuma pale nukta imefunguka. Inatakiwa ing'ae kijivu, vile tole ilikuwa. Ukiona manjano, ama ile bluu-bluu, umepiga nguvu sana, umetengeneza oksidi, na asidi inakawia pale, tundu hili litachelewa kufunguka na jirani yake atatangulia. Ukiona kijivu lakini kuko kivuli cha kahawia, ni masizi ya rangi, panguza taratibu na alkoli ya izopropili na kitambaa kisicho na nyuzi, upande mmoja, mara moja, usisugue. Nimeona disiki nzuri kabisa ikitoka na viraka visivyotoboka, sababu ni kile kivuli tu.

Sasa pande mbili zikutane. Hapa njo presizyo (usahihi) inapatikana ao inapotea. Chukua vipande vya tole vya 115 kwa 115 mm, na kitu cha kwanza kabisa lazeri ifanye ni kukata matundu mawili ya pini kwenye kona, nje ya disiki. Mawili tu, moto wake hauna neno. Tole inakaa juu ya pini, unachora upande wa kwanza, unageuza juu ya pini zilezile, unachora wa pili na fayilo iliyogeuzwa kama mu kioo. Lakini kabla ya yote kalibrisha lensi. Ile lensi ya mashini, ya kuchora eneo la 110 mm, inapotosha kwenye kingo, chora mraba wa 90 mm, pima pande nne na katikati, na sahihisha mu programu mpaka zilingane, juu kosa la upande wa kulia ukigeuza tole linakuwa la kushoto na yanajumlishana. Fanya jaribio juu ya tole mbovu, kata nusu, tazama na mikroskopi kama mdomo wa juu na wa chini wanatazamana. Kwa matundu yako, ukipita 0,03 mm ya kukosana endelea kurekebisha.

Matundu ya pini, kabla ya kuingiza mu asidi, yazibe na skochi ama rangi. Kingo ya tundu ikibaki bila ngozi, asidi itaipanua na ukitaka kurudi kwenye pini zako hazitashika tena. Na utataka kurudi: kuran ikikatika katikati ya kuchora, zile pini njo zinakuruhusu kuendelea palepale. Kwa upande wa asidi, kuran ikienda na pompi ikisimama, toa tole haraka, suuza, ichunge. Rangi ikiwa bado nzima utaendelea kesho.

Duara la nje la disiki usilikate na lazeri yoyote. Asidi ilile pamoja na matundu, acha madaraja matatu membamba ya kushika disiki kwa fremu, na hayo madaraja yaliwe upande mmoja tu, nusu unene, utayavunja kwa vidole. Kwa njia hiyohiyo weka namba: andika “0,4” na mshale wa upande wa juu, upande mmoja tu, asidi itachimba nusu na haitatoboa.

Ringi ya 2 mm ni hadithi ingine. Hapo usilete asidi, unene huo ungelazimika kungoja sana na kingo ingetoka imeliwa ovyo. Tafuta atelie yenye lazeri ya kukata tole, waambie wakate na azoti, si oksijeni. Oksijeni ni ya chuma cha kawaida, kwa inoksi inaacha kingo nyeusi ya oksidi na kusude (kuunga chuma kwa moto) juu yake ni taabu. Azoti bei yake iko juu, najua, lakini kwa ringi 40 unailipa mara moja. Waombe waweke na vinundu ama vijitundu vitatu vya kulingisha disiki, na wewe chora vilevile kwenye disiki, halafu sude kwa nukta.

Kabla ya kusude, suuza. Nasema tena, suuza. Perklorire iliyobaki ndani ya tundu la 0,4 iko na kloridi, na kloridi juu ya inoksi inachimba vishimo vya kutu kidogo kidogo, mteja atakurudishia disiki na madoa ya kahawia na atasema inoksi yako ni feki. Toa rangi yote, osha kwa maji mengi, suuza ya mwisho iwe maji ya distile. Ile labo inakosa vipi nitrati ya fedha? Waombe tone moja, tia mu maji ya mwisho ya kusuuzia: yakiwa meupe kama maziwa, kloridi ingali iko, rudia.

Unaona mpangilio wake: lazeri ndogo pini, rangi, lazeri ndogo michoro, asidi, kuosha, ringi ya lazeri kubwa, kusude. Si mimi nimeubuni. Wale wanaotengeneza stensili, mabamba yenye matundu ya kupakia pasta ya kusudea juu ya sakiti, wanaunganisha zote mbili pia, kwa mpangilio wao: tole ya 0,15 mm wanaishusha na asidi mpaka 0,1 pale vifaa viko vidogo sana, halafu lazeri inafungua matundu. Na stenti, yale mabomba ya chuma ya kuweka mu mishipa ya moyo, kinyume chake: lazeri inakata kwanza kutoka kwa mrija mwembamba, halafu asidi na umeme vinatoa maganda na vipele mpaka kinang'aa. Kwa stensili asidi inatangulia juu inapunguza unene, kwa stenti inafuata juu inasafisha. Kila mara jiulize asidi imekuja kufanya nini, utajua inakaa wapi kwa foleni.

Neno moja la shaba, juu siku moja utaombwa, haiwezekani uishi Lubumbashi usiombwe piyesi ya shaba. Shaba inarudisha sehemu kubwa ya mwanga wa lazeri kama yako na inakimbiza joto, kuikata na wati 20 ni kujitesa, na mwanga unaorudi ni hatari kwa macho. Perklorire inaila bila shida, haraka kuliko inoksi. Rangi, lazeri, asidi, ileile. Na miwani yako iwe imeandikwa 1064 nm (kipimo cha mwanga wa lazeri yako), miwani ya kusudea haifai.

Atelie sasa. Asidi na lazeri visilale chumba kimoja. Perklorire ya moto inatoa mvuke wenye asidi, hauuoni, lakini baada ya muda reli za mashini zinaota kutu, lensi inafifia, konektori zinageuka kijani. Weka asidi nje, chini ya bati, upepo ukipita, mbali na watoto. Chombo ni plastiki, ya polipropileni ama bido (jerikeni) nzito, na kuipasha moto weka bido ndani ya maji ya moto. Kamwe usiweke mu sufuria ya aliminyumu, hata “kidogo tu”: inashambulia aliminyumu kwa fujo, inachemka yenyewe, inatoa hidrojeni na kurukia uso. Glavu, miwani ya kufunika, na ndoo ya maji karibu.

Na asidi ikichoka, ikigeuka kijani na kufanya kazi polepole, usiimwage mu parsele (kiwanja cha nyumba). Sasa iko na nikeli na kromu ndani, na parsele nyingi za kwetu ziko na kisima mita chache tu kutoka pale, jirani anachota pale maji ya kupika. Tia chokaa kidogo kidogo ukikoroga, inapata joto, nenda polepole, mpaka karatasi ya pH ionyeshe 8 ama 9. Matope yatashuka chini na maji yatabaki juu. Matope yakaushe, yafunge mu bido, na ongea na labo mteja wako mapema kabla ya kukubali kazi, makampuni ya madini yako na utaratibu wa taka kama hizo na waweza kuyapokea kama sehemu ya makubaliano.

Lazeri kubwa, usinunue kwa ajili ya disiki 40. Ringi unazilipia kwa mwenye nayo, pesa yako weka kwa pompi nzuri ya kunyunyizia asidi na mikroskopi. Ukianza kupata oda za mamia ya disiki zinazofanana, hapo rudi kwa filimu kavu ya rafiki yako, lakini agiza filimu ya kuchorea iliyochapwa na mashini ya nukta nyingi, si printeri ya ofisi.

Jambo la mwisho, uliza leo kabla hujanunua tole: zile disiki ni za kufanya nini? Kama ni za kuosha sampuli na kuzuia mawe makubwa, endelea. Kama wanataka kuzitumia kwa kipimo rasmi cha ukubwa wa chembe, sivyo, pale wanahitaji sivu (chekecheo) zenye cheti cha ISO 3310, kanuni ya kimataifa ya chekecheo za kupimia, ambayo iko na sehemu ya wavu wa waya, ya bamba lililotobolewa, na ya bamba lililooteshwa kwa umeme, na cheti hicho wewe huna. Na wakikuambia “tufanyie na za mesh 200”, hiyo ni tundu la mikroni 75 (0,075 mm), ndogo kuliko unene wa tole yako karibu mara tatu. Waambie hapana, wanunue wavu wa waya, wewe uwatengenezee ringi.